Anza na saa, pesa zitafuata

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wahariri wanaoanza kujitegemea ni moja: "Dada, nitoze kiasi gani kwa saa?" Wanataka niwatajie namba. Siwatajii, wala si kwa uchoyo. Namba yangu imetokana na kodi ninayolipa mimi, watu wanaonitegemea mimi, aina ya miswada inayonifikia na kasi yangu ya kusoma. Ukiichukua kama ilivyo, huenda ikakufilisi au ikakufukuzia wateja, na sababu usiijue. Ninachoweza kukupa ni njia ya kuifikia namba yako mwenyewe, pamoja na jambo moja ambalo sitachoka kulirudia: hesabu saa kwanza, pesa baadaye.

Karibu kila mtu huanzia upande wa pili. Huchukua mshahara aliokuwa akipata alipoajiriwa, au ule anaoutamani, huugawa kwa saa za kazi za mwezi, kisha hulitazama jibu. Akiamka na ujasiri huliongeza kidogo. Akiamka na hofu hulipunguza. Hapo ndipo bei inapozaliwa, na mwaka mzima unaofuata ataishi nayo. Tatizo la hesabu hiyo ni kwamba inachukulia kuwa kila saa unayofanya kazi kuna mtu anayeilipia. Mwajiriwa hulipiwa saa ya mkutano uliochelewa kuanza, saa ya kusubiri kompyuta itengenezwe, siku ya homa na wiki ya likizo. Ukijitegemea, saa hizo zipo vilevile, ila hazina mwenyewe. Lazima zilipwe na zile saa chache ambazo mteja anazilipia.

Basi tuzihesabu. Nitatumia namba tupu zisizo na sarafu. Weka sarafu yako na uongeze sifuri zako.

Mwaka una wiki 52. Kwa saa 40 kila wiki, tunapata saa 2,080. Toa wiki 4 za mapumziko, ambazo ni saa 160. Toa siku 10 za sikukuu, saa 80. Toa siku nyingine 10 za kuugua au kuuguza, saa 80. Zinabaki saa 1,760. Wapo wanaoniambia hawahitaji mapumziko wala hawaugui. Mwili haujali umeandika nini kwenye jedwali lako, na mtoto akilazwa hutauliza kama siku hiyo ilikuwa imepangiwa kazi. Ziache humo.

Sasa katika hizo 1,760, ngapi zinauzika? Katika kazi yangu, orodha ya mambo ambayo hakuna mteja anayeyalipia ni ndefu: kujibu barua pepe za watu ambao mwishowe hawaleti mswada, kuhariri kurasa za majaribio, kuandika makadirio, kusoma mkataba neno kwa neno, kutoa ankara, kuifuatilia ankara iliyopitisha tarehe, kuweka hesabu za kodi, kuhifadhi nakala za mafaili, kujifunza toleo jipya la mwongozo wa mtindo ambao wachapishaji wameanza kuudai. Juu ya hayo kuna mpaka wa akili yenyewe. Uhariri wa makini haufanyiki saa nane mfululizo. Baada ya saa tano hivi macho huanza kusoma kile yanachokitarajia badala ya kile kilichoandikwa, na kosa ambalo asubuhi lingenirukia usoni hupita mbele yangu likiwa limetulia. Saa ninazofanya baada ya hapo huwa ni za ankara na barua.

Wanasheria walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1958 chama cha wanasheria wa Marekani, American Bar Association, kilitoa kijitabu cha kuwahimiza mawakili waweke kumbukumbu za muda wao, na humo kilikadiria kwamba wakili anapata takriban saa 1,300 kwa mwaka za kumtoza mteja. Linganisha na 2,080: ni asilimia 62.5. Na hao walikuwa watu wenye makarani, wapiga chapa na wapokea wageni. Wewe uliye peke yako ndiye karani, ndiye mhasibu, ndiye mtafuta wateja. Kwa hiyo ninapomwelekeza mtu anayeanza, humwambia achukue asilimia 60 ya zile saa 1,760, na asishangae ikiwa mwaka wa kwanza hatazifikia. Asilimia 60 ya 1,760 ni saa 1,056. Zigawe kwa wiki 44 zilizobaki baada ya likizo na dharura, utapata saa 24 kwa wiki.

Saa 24. Iandike mahali utakapoiona. Hiyo ndiyo bidhaa yote uliyo nayo ghalani.

Sasa twende kwenye pesa. Tuseme nyumba yako inahitaji 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka: pango, chakula, shule, nauli, na kinachotumwa kwa wazazi kama unatuma. Ongeza 4,000 za bima ya afya na akiba ya uzeeni, kwa sababu hakuna mwajiri anayekuwekea. Sasa ni 28,000, na hizo ni pesa ambazo lazima zikufikie mkononi baada ya kodi. Kama kodi na michango inachukua asilimia 20, usiongeze asilimia 20 juu ya 28,000. Gawa kwa 0.8, upate 35,000. Watu wengi hukosea hapa, na tofauti si ndogo: wakiongeza asilimia 20 hupata 33,600, na wakishakatwa hubakiwa na 26,880. Kisha weka gharama za kazi yenyewe, yaani kompyuta itakayochakaa, programu, intaneti, umeme, mhasibu, kiti kisichoua mgongo. Tuseme 4,600. Jumla ni 39,600.

Gawa 39,600 kwa 1,056. Jibu ni 37.5 kwa saa.

Yule aliyegawa 24,000 zake kwa saa 2,080 alipata 11.5, akaona inatosha. Mahitaji ni yaleyale, maisha ni yaleyale, na bei mbili zimeachana kwa zaidi ya mara tatu. Anayetoza 11.5 hana njaa mwezi wa kwanza. Hufanya kazi usiku, hufanya kazi Jumapili, hufurahi kwamba wateja wanamkimbilia, na huchukua muda kugundua kwamba akiba haikui na kodi inamkuta mikono mitupu. Nimewaona wahariri wenye jicho kali kuliko langu wakiiacha kazi hii kwa njia hiyo, wakiamini kwamba hawakuwa na kipaji. Hilo linaniuma. Kipaji walikuwa nacho; kilichowaangusha ni namba waliyogawia.

Hiyo 37.5 ni sakafu. Chini yake unakula mtaji wako mwenyewe. Mimi huongeza juu yake sehemu ya kumi au zaidi kidogo, kwa ajili ya miezi mikavu na ankara zisizolipwa kamwe. Katika mfano wetu tuiweke 42.

Kuhusu kodi na michango, usikisie. Uliza mamlaka ya mapato ya nchi yako au mhasibu, kwa kuwa mzigo wa aliyejiajiri mara nyingi ni mzito kuliko ulioonekana kwenye hati ya mshahara. Marekani, kwa mfano, mchango wa hifadhi ya jamii pamoja na ule wa bima ya afya ya wazee ni asilimia 15.3 kwa aliyejiajiri. Mwajiriwa hukatwa asilimia 7.65 tu, kwa sababu nusu ya pili hulipwa na mwajiri na yeye haioni. Ukitoka kwenye ajira, nusu hiyo inakuhamia wewe. Na kama unapata kazi kupitia jukwaa la mtandaoni, makato yake yanafuata kanuni ileile ya kugawa: Fiverr hukata asilimia 20, kwa hiyo anayetaka abakiwe na 42 lazima aandike 52.5, wala si 50.4.

Turudi kwenye saa, maana ndiko kunakobeba uzito wote. Chukua mfano wetu ubadilishe kitu kimoja kimoja. Ukibana gharama za kazi hadi nusu, ukabaki na kompyuta nzee na kiti kibovu, sakafu inashuka kutoka 37.5 hadi 35.3. Sasa rudisha gharama zote, na badala yake ongeza sehemu ya saa zinazolipwa kutoka asilimia 60 hadi 70. Sakafu inashuka hadi 32.1. Zikianguka hadi asilimia 50, inapanda hadi 45. Kumbe mtu anayekesha akitafuta programu ya bei nafuu angefaidika zaidi kwa kuacha kuandika makadirio marefu ya kurasa nne kwa kila anayeuliza. Mimi nilitengeneza fomu fupi: aina ya kazi, idadi ya maneno, tarehe ya mwisho, mtindo wa marejeo, bajeti kama ipo. Asiyeijaza hakuwa mteja, na saa zangu zinabaki.

Lakini asilimia yako huwezi kuijua kwa kukisia. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwetu mali yenyewe ni muda. Andika kila kitu kwa miezi mitatu mfululizo, hata yale unayoyaonea aibu. Ofisi nyingi za mawakili huhesabu kwa vipande vya dakika 6, yaani sehemu ya kumi ya saa. Kwangu hilo limezidi. Robo saa inatosha. Nina safu tatu: tarehe, nilichofanya, na nani atalipia. Safu ya tatu ikibaki tupu, hiyo ni saa isiyo na mwenyewe. Mwisho wa mwezi najumlisha zenye jina na zisizo na jina. Programu za kupima muda zipo nyingi na ni nzuri, ila daftari la karatasi nalo linafanya kazi, mradi uandike palepale. Ukisubiri jioni ndipo ukumbuke, utaandika siku uliyotamani kuwa nayo.

Daftari hilo lina faida ya pili, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Linakuonyesha kasi yako.

Wateja wengi hawapendi bei ya saa. Hawajui utatumia saa ngapi, na wanaogopa kupewa ankara isiyo na mwisho. Wana haki kuogopa. Kwa hiyo mara nyingi ninachowapa ni bei ya kazi nzima, ila nyuma ya bei hiyo ipo bei ya saa, na mimi ndiye ninayeijua. Tatizo lingine la kutoza kwa saa waziwazi ni kwamba linamwadhibu anayeiva. Chukua mswada wa kurasa 300. Mhariri anayekwenda kurasa 5 kwa saa atatumia saa 60; kwa bei ya 42 atapata 2,520. Mwenzake mwenye uzoefu anakwenda kurasa 8 kwa saa na kazi yake ni safi zaidi. Atatumia saa 37.5, na kwa bei hiyohiyo atapata 1,575. Ili wawe sawa, huyu wa pili angehitaji kutoza 67.2 kwa saa, namba ambayo mteja akiisikia atashtuka, ingawa jumla ni ileile. Ukitaja bei ya kazi, mteja anaangalia 2,520 na kujiuliza kama kitabu chake kinastahili kiasi hicho. Hilo ndilo swali ninalotaka ajiulize.

Ila bei ya kazi nzima ni hatari kwa asiyejua kupima mswada. Mimi humwomba mwandishi anitumie wote, au kama bado hajamaliza, sura tatu ninazozichagua mwenyewe. Sikubali utangulizi na sura ya kwanza peke yake. Utangulizi umesomwa na kila mtu. Mwandishi ameung'arisha kwa miaka, mwenzi wake ameusoma, msimamizi wake ameusoma. Naingia katikati, pale mwandishi alipochoka, na karibu na mwisho, pale alipokuwa akikimbizana na tarehe. Natafuta sura yenye majedwali na tanbihi nyingi. Nahariri kurasa chache kutoka kila mahali huku nikipima muda kwa saa ya mezani. Baada ya hapo nafungua orodha ya marejeo, maana hiyo ndiyo inayomeza watu. Marejeo mia mbili yaliyoandikwa kwa mitindo mitatu tofauti, mengine yakikosa mwaka, mengine yakiwa hayatajwi popote ndani ya kitabu, yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko sura mbili. Ninayapangia saa zake peke yake, na kwenye makadirio nayaandika kwenye mstari wake peke yake. Mwandishi akiuona mstari huo, mara nyingine huamua kuyanyoosha mwenyewe, na sote tunashukuru.

Juu ya saa nilizozipima naongeza robo. Robo hiyo inakwenda kwenye maswali ninayomwandikia mwandishi, majibu yake, na mzunguko wa pili wa kusoma baada ya yeye kurekebisha. Mzunguko wa tatu haumo, na mkataba unasema hivyo waziwazi, pamoja na bei ya kila saa ya ziada. Ni hapo tu ambapo bei yangu ya saa huonekana kwa maandishi. Anayeongeza sura mpya katikati ya kazi hanikuti nikinung'unika, anakuta kifungu.

Kazi ya haraka ni nusu ya bei juu yake. Haraka ya mtu inachukua saa nilizokwisha kumwahidi mtu mwingine, na lazima zifidiwe mahali, kwa kawaida usiku.

Sasa lije lile ambalo watu huniuliza kwa sauti ya chini: "Je, mteja akisema ni ghali?"

Atasema. Wengine husema kwa mazoea tu, kama salamu. Ninayo barua niliyoipokea hivi karibuni, na nimeruhusiwa kuieleza: "Dada, kazi yako tunaipenda, lakini bajeti yetu ni ndogo, tunaomba utufikirie, tushushie hata asilimia 20." Kabla hujajibu barua ya namna hiyo, chukua kalamu. Katika mfano wetu, asilimia 20 ya 42 ikiondoka, unabaki na 33.6. Tayari uko chini ya sakafu ya 37.5. Na kama utawapa wateja wote punguzo hilo, ili mapato ya mwaka yabaki palepale utahitaji kuuza saa 1,320 badala ya 1,056. Hizo ni saa 264 zaidi. Kwa saa 24 kwa wiki, ni wiki 11. Punguzo linalosikika dogo kwenye barua linadai wiki 11 ambazo mwaka hauna. Utazitoa kwenye usingizi.

Kwa hiyo sishushi bei ya saa. Nashusha kazi. Niliwajibu hivi: "Asanteni kwa kuniamini. Bei ya saa inabaki ilivyo. Kwa bajeti yenu naweza kuhariri sura zote bila marejeo na bila majedwali, ambayo mtayapanga wenyewe kwa mwongozo nitakaowapa. Au naweza kufanya kazi yote ila kwa kuirudisha wiki sita baadaye, nikiifanya kwenye nafasi zitakazojitokeza. Chagueni inayowafaa." Walichagua ya kwanza. Heshima ilibaki pande zote mbili, na sikuhitaji kueleza pango langu ni kiasi gani. Bei haijitetei kwa kusimulia shida zako. Itaje, eleza inajumuisha nini, kisha nyamaza umwache mwenzako afikiri. Ukimya ule una uzito, najua, na midomo huwasha kutaka kuongeza "lakini tunaweza kuzungumza". Usiongeze. Mara nyingi mtu yuko tu anajaribu kukumbuka ni nani ofisini anayeidhinisha malipo.

Kuna kazi nazifanya bure. Nazichagua mimi, mwanzoni mwa mwaka, na ninazitengea saa zake kwenye jedwali: gazeti la wanafunzi, kitabu cha mtu ambaye hadithi yake naamini lazima isomwe. Naandika ankara kamili yenye bei kamili, na chini yake naandika kwamba imesamehewa yote. Nasimamia hilo kuliko punguzo la nusu. Anayepewa zawadi anajua amepewa zawadi. Anayeuziwa kwa nusu bei anaamini hiyo ndiyo bei, na atamwambia rafiki yake.

Na wanaosema "hatuna malipo ila utajulikana", mimi huuliza nitajulikana kwa nani hasa, na kwa kazi gani. Wapo wachache wenye jibu la kweli.

Mnauliza pia kuhusu kuangalia wengine wanatoza nini. Angalieni, tafadhali. Chama cha wahariri cha Uingereza, Chartered Institute of Editing and Proofreading, hutangaza viwango vya chini kinavyopendekeza, na Editorial Freelancers Association ya Marekani huchapisha viwango vinavyotokana na utafiti miongoni mwa wanachama wake. Vinasaidia kujua kama umepotea mbali. Lakini kumbukeni ni mapendekezo, na kwa nchi nyingi sheria ya ushindani haiwaruhusu wafanyabiashara kukaa pamoja na kupanga bei moja. Mawakili wa Marekani walikuwa na orodha za ada za chini hadi mwaka 1975, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipoamua katika shauri la Goldfarb dhidi ya Virginia State Bar kwamba orodha ya namna hiyo inavunja sheria. Ni moja ya mambo yaliyowasukuma zaidi kwenye kutoza kwa saa. Ulaya imelegeza kidogo: mwongozo wa Kamisheni ya Umoja wa Ulaya wa mwaka 2022 unaeleza ni wakati gani watu waliojiajiri peke yao wanaweza kujadiliana kwa pamoja na anayewapa kazi. Nafurahia hatua hiyo. Mtu mmoja akijadiliana na kampuni kubwa, kampuni ndiyo yenye kalamu. Hata hivyo hakuna orodha inayojua kwamba wewe unamuuguza mama yako siku za Jumatano. Saa zako unazijua wewe.

Kuchelewa kwa malipo nako ni suala la saa. Ankara inayolipwa baada ya siku 90 imekugeuza mkopeshaji asiyetoza riba, na kila barua ya kukumbusha ni robo saa isiyo na mwenyewe. Serikali nyingine zimeliona. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1998 inampa mfanyabiashara haki ya kudai riba ya asilimia 8 juu ya kiwango cha Benki Kuu kwa deni la kibiashara lililochelewa. Jiji la New York, tangu 2017, linadai mkataba wa maandishi kwa kazi za frilansa zinazofikia dola 800, na malipo ndani ya siku 30 baada ya kazi kumalizika kama mkataba haukutaja tarehe nyingine. Unapoishi huenda hakuna sheria kama hizo, lakini hakuna anayekuzuia kuandika masharti yako. Mimi huchukua theluthi kabla sijafungua faili, theluthi nikirudisha mzunguko wa kwanza, na theluthi kabla ya kutuma faili la mwisho. Mteja mpya asiyekubali theluthi ya kwanza, simsukumi.

Limebaki la kupandisha. Bei ikikaa miaka mitano bila kuguswa, wakati vitu vinapanda kwa asilimia 6 kila mwaka, pesa ileile itanunua kama robo tatu tu ya ilichonunua mwanzoni. Hujapunguza bei kwa mdomo, lakini imepungua. Kwa hiyo nimejiwekea mwezi mmoja wa mwaka wa kulifungua jedwali upya: mahitaji mapya ya nyumba, kodi mpya, na asilimia ya saa kutoka kwenye daftari, si ya kukisia tena. Wateja wapya hutajiwa bei mpya tangu siku hiyo. Wa zamani huandikiwa miezi mitatu kabla, kwa barua fupi: "Kuanzia tarehe fulani bei yangu itakuwa hii. Kazi zote tulizokwisha kukubaliana zitabaki kwa bei ya sasa. Nashukuru kwa kuendelea kufanya kazi nami." Siandiki sababu za kurasa mbili. Kiwanda cha karatasi hakimwombi radhi mchapishaji.

Wengi hujibu kwa mstari mmoja wa kukubali. Mara mojamoja anatokea anayesema hataweza, na simlaumu; bajeti yake nayo ina sakafu. Huyo namalizia mswada ulioko mezani kwa bei ya zamani, kwa uangalifu uleule, namtajia wahariri wawili ninaowaamini ambao bado wana nafasi, na zile saa zake za wiki nazirudisha kwenye jedwali, safu ya tatu ikiwa wazi, hadi nitakapopata jina la kuandika.